Anayetuuzia Fremu ya Video Atuambie Itahudumiwa Hadi Lini

Kuna bidhaa ambayo imeingia katika sebule zetu kimyakimya kwa miaka michache iliyopita bila ya kujadiliwa inavyostahili. Nakusudia ile fremu ya kidijitali ambayo huwekwa mezani au kutundikwa ukutani, ikawa inaonyesha picha na video moja baada ya nyingine mchana kutwa. Mtoto aliye Doha, Riyadh au Minnesota hupiga picha kwa simu yake, akaituma kwa mtandao, na punde si punde mzazi wake aliye Vihiga au Taveta akaiona pasi na kugusa chochote. Kwa familia zilizotawanywa na utafutaji wa riziki, hiki si chombo cha anasa. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na namna kinavyouzwa.

Fremu hii huuzwa kama pambo. Dukani utaikuta rafu moja na saa za ukutani na vyungu vya maua ya plastiki, na maelezo yaliyo kwenye boksi yanahusu upana wa kioo na rangi ya ubao. Hakuna anayemwambia mnunuzi kwamba anabeba tarakilishi kamili. Ndani yake mna kichakataji, mna kumbukumbu, mna redio ya Wi-Fi, na nyingi huendeshwa na mfumo ule ule wa Android ulio katika simu yako. Kama ilivyo ada ya tarakilishi zote, programu zake huzeeka na hapana budi zisasishwe. Zisiposasishwa, kifaa huacha kusikilizana na ulimwengu. Zikisasishwa vibaya, kifaa hufa. Fremu ya mbao aliyotuachia babu haikuwahi kudai chochote ila kupanguswa vumbi.

Mnamo Desemba 2024, nilipokuwa nyumbani kwa likizo, jirani yetu mmoja, ajuza aliyepita miaka 80, alimtuma mtoto aniite.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "nyinyi watu wa magazeti mwajua mambo mengi. Niangalizie kitu hiki. Tangu juzi kimekataa kunionyesha watu wangu."

Fremu ilikuwa zawadi ya bintiye aliyeajiriwa Ghuba. Kioo kilikuwa kimekwama kwenye nembo ya mtengenezaji, hakiendi mbele wala nyuma. Nikamwuliza, "Nyanya, stima ilipotea siku hiyo?" Akasema ilipotea magharibi, ikarudi asubuhi. Kabla ya hapo palikuwa pametokea maandishi ya Kiingereza ambayo hakuyaelewa, naye akafikiri ni salamu kutoka kwa binti.

Hayakuwa salamu. Yalikuwa onyo kwamba programu inasasishwa na umeme usizimwe. Mamlaka ya kutozima umeme hayakuwa mikononi mwa bibi yule, wala hayamo mikononi mwangu au mwako, msomaji. Kusasisha programu ya kifaa kama hiki ni kuandika upya yale maagizo yanayokifundisha jinsi ya kuamka. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kifaa hubaki na nusu ya maagizo ya kale na nusu ya mapya, kisijue pa kuanzia. Mafundi wa Android walikwisha kulitafutia jambo hili dawa. Tangu toleo la 7, lililotolewa mwaka 2016, mfumo huo unamruhusu mtengenezaji kugawa kumbukumbu mafungu mawili. Toleo jipya huandikwa katika fungu lililo tupu, huku lile la zamani likiendelea na kazi, na kifaa kikishindwa kuamka kwa jipya hurudi kwa la zamani. Umeme ukikatika, hapana lililoharibika. Lakini utaratibu huo hula nafasi ya kumbukumbu, na kumbukumbu ni gharama. Mtengenezaji wa fremu ya bei nafuu anaona heri aokoe senti hizo, na hasara ibebwe na ajuza aliye mbali naye maelfu ya kilomita.

Nilijaribu yanayojaribiwa. Nilitafuta kile kitundu kidogo kilicho nyuma ya fremu nikakibonyeza kwa pini huku nikiwasha umeme. Nilitafuta katika tovuti ya mtengenezaji faili la programu ambalo mtu aweza kulitia katika kadi ya kumbukumbu akakifufua kifaa. Halikuwapo. Nilimpigia simu aliyeiingiza fremu hiyo nchini, ambaye jina lake nitalihifadhi, naye akanijibu kwa upole kwamba bei ya mpya imeshuka, nimshauri mama anunue nyingine. Nilipomweleza kwamba ndani ya ile iliyokufa mna video ya marehemu mume wa bibi huyo akicheka na wajukuu, iliyopigwa kwa simu ambayo iliibwa baadaye, akanyamaza kidogo, kisha akarudia habari ya bei.

Nisieleweke kwamba kila fremu iliyogoma imekufa. Nyingi zinazotupwa ni nzima, na maradhi yao ni mepesi. Kuna ile ambayo baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu huamka ikidhani ni mwaka mwingine wa zamani, kwa kuwa haina betri ya kuilindia saa. Mtu huiona imeshika Wi-Fi barabara lakini haipokei picha hata moja. Sababu ni kwamba seva hujitambulisha kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na fremu yenye saa ya uongo huvihukumu kuwa batili. Dawa ni kurekebisha tarehe kwa mkono kabla ya kugusa kitu kingine. Wengi huifuta fremu yote badala yake, wakapoteza picha zote kwa kosa la saa.

Jambo hili la vyeti lina upande mwingine usiotibika kwa saa. Shirika la Let's Encrypt, linalozipa vyeti bure mamilioni ya tovuti, lilikuwa likiegemea cheti kikuu ambacho muda wake ulikwisha tarehe 30 Septemba 2021. Vifaa vyenye Android iliyotangulia toleo la 7.1.1 havikukitambua kile kipya kilichokirithi. Shirika likabuni njia ya kuvivusha kwa miaka mitatu, na njia hiyo nayo ikafungwa mwaka 2024. Kifaa ambacho mtengenezaji wake hakukiletea orodha mpya ya vyeti kinaweza kuzishuku tovuti nyingi ilhali hakina ila wala doa kwa nje. Mwenye nacho atalaumu kampuni ya intaneti, atalaumu mvua, atamlaumu mtoto aliyekichezea.

Kuna pia video zinazotoa sauti huku kioo kikiwa cheusi. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone zimekuwa zikirekodi kwa mtindo wa kubana video uitwao HEVC, ambao fremu nyingi za zamani hazikufundishwa kuusoma. Anayetuma anaweza kubadilisha hilo katika mipangilio ya kamera, kwenye sehemu ya miundo, akachagua ule unaokubaliwa na vifaa vingi. Video iliyopitia WhatsApp kwa kawaida huchezwa bila shida, kwa sababu huwa imekwisha kubanwa upya njiani. Tena, fremu nyingi husikia mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee, hivyo ukibadilisha ruta ikawa inatangaza ya 5 tu, fremu itakuwa kiziwi. Na kadi ya kumbukumbu iliyozidi GB 32 huja katika mpangilio ambao fremu kuukuu haiusomi. Haya yote yangeweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa Kiswahili na kutiwa ndani ya boksi. Sijakutana na boksi lililo nao.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Tumezoea kuambiwa kwamba mtu akitaka usalama asasishe programu kila mara. Nasaha hiyo ni njema iwapo anayeleta programu mpya ni mwaminifu. Mnamo Januari 2008 kampuni ya Best Buy ya Marekani iliondoa sokoni fremu za Insignia baada ya kugunduliwa kwamba baadhi zilitoka kiwandani na kirusi cha tarakilishi. Desemba mwaka huo huo Amazon iliwaonya wateja walionunua fremu fulani ya Samsung kwamba diski ya programu iliyoandamana nayo ilikuwa na kirusi kiitwacho Sality. Waweza kusema hayo ni ya kale. Lakini mnamo Novemba 2025 watafiti wa kampuni ya usalama ya Quokka walichapisha uchunguzi wao kuhusu fremu zinazotumia programu ya Uhale, ambazo huuzwa kwa majina mengi tofauti. Walikuta nyingi zikiendeshwa na Android 6, mfumo uliotolewa mwaka 2015, huku kinga muhimu za mfumo huo zikiwa zimezimwa. Baadhi yazo, kila zilipowashwa, zilijipakulia programu hasidi kutoka kwa seva zilizo Uchina. Watafiti hao walieleza kwamba walikuwa wamemwandikia mwenye programu tangu mwezi wa Mei wasijibiwe.

Angalia njia iliyotumika. Fremu iliwaka, ikauliza kama kuna toleo jipya, ikalipokea, ikajizima na kujiwasha, kisha ikaanza kupakua uovu. Mlango uliowekwa kwa ajili ya fundi ndio uliopitisha mwizi. Na fremu hiyo inatumia Wi-Fi moja na simu ambayo mwenye nyumba hutuma nayo pesa. Je, ni haki kumwambia ajuza ajilinde mwenyewe?

Yako mataifa yaliyokataa kuwaachia wananchi mzigo huu. Uingereza ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, ambayo inamtaka mtengenezaji wa kifaa cha mtandao kutaja muda ambao atakiletea masasisho ya usalama, kutoa anwani ya kupokea ripoti za hitilafu, na kuacha kuuza vifaa vyenye nenosiri la jumla linalokisiwa kirahisi. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni yake mwaka 2024, na wajibu wake mkuu utaanza tarehe 11 Desemba 2027. Humo mtengenezaji atalazimika kukihudumia kifaa kwa miaka 5 kwa uchache, isipokuwa kile kisichotarajiwa kutumika muda huo wote. Nahofia kwamba bidhaa zitakazokataliwa huko zitatafuta soko lisilouliza maswali, nasi tunajua masoko hayo yako wapi.

Hapa Kenya hatuanzii patupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kunufaika nayo kikamilifu, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lipo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, na ipo Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa maoni yangu, maelezo hayawezi kuitwa kamili ikiwa mnunuzi anaambiwa wati na volti lakini hajaambiwa siku ambayo kifaa chake kitaachwa yatima.

Nazipendekezea asasi hizo mambo haya. Tarehe ya mwisho ya masasisho ichapishwe nje ya boksi, kwa tarakimu kubwa. Anayeingiza fremu nchini awe na nakala ya programu yake, atakayompa mteja bure fremu ikikwama. Fremu iendelee kuonyesha ilicho nacho hata intaneti ikitoweka au kampuni ikifilisika au ikibadilisha masharti, kama ilivyofanya Nixplay mwaka 2025 ilipopunguza hifadhi yake ya bure hadi MB 500. Tena iwe lazima mtu aweze kuzinakili picha zake zote kwenye kadi kwa kubonyeza mara moja.

Wafanyabiashara watalalama kwamba bei itapanda. Huenda ikapanda kidogo. Lakini yule wa nafuu ambaye huuza fremu tatu kwa miaka mitano mahali pa moja hajamwokolea mteja pesa, na zile mbili zilizokufa zitaishia jaani Dandora na kwingineko, zikiwa na picha zetu ndani.

Wakati huo tukisubiri wakubwa waamke, kwa aliye na fremu nyumbani nina ombi. Wiki hii chomeka kadi uzinakili picha na video zilizomo, kwanza kabisa zile ambazo hazipo katika simu ya mtu yeyote. Zima kusasisha kwa hiari yake ikiwa mipangilio inaruhusu, ili uchague mwenyewe saa ya kufanya hivyo, na uchague mchana ambapo hakuna tangazo la kukatwa umeme. Iwapo ruta yako ina Wi-Fi ya wageni, iunganishe fremu huko, mbali na simu za nyumba. Na wewe uliye ughaibuni unayekusudia kumnunulia mzazi zawadi hii Krismasi ijayo, mwandikie mtengenezaji kabla ya kulipa umwulize itahudumiwa hadi mwaka gani. Asipojibu, nunua nyingine.