Muuzaji wa nyumba asiruhusiwe kunyamaza

MNUNUZI wa nyumba nchini Kenya hulindwa na sheria kwa kiasi kidogo mno kuliko anavyodhani. Akiuziwa nyumba ambayo tangi lake la majitaka hufurika kila msimu wa mvua, aghalabu hana pa kushtaki maadamu muuzaji hakuulizwa wala hakutamka uongo. Kanuni tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza ni kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe.

Kudanganya, bila shaka, hakuruhusiwi. Muuzaji akiulizwa iwapo paa linavuja naye akakana ilhali anajua ukweli, au akipaka rangi makusudi ili kuficha ufa, mahakama yaweza kuuvunja mkataba au kumwamuru alipe fidia. Kunyamaza tu ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi hunaswa. Isitoshe, mikataba mingi huwa na kifungu kinachosema mnunuzi ameikagua nyumba na kuikubali jinsi ilivyo.

Kuhusu umiliki, muuzaji hubanwa zaidi. Yampasa kufichua dosari za hatimiliki ambazo mnunuzi hawezi kuziona kwa macho. Kadhalika, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mume au mke katika ndoa ya mke mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake.

Hata hivyo, hatari kubwa imo katika historia ya ardhi yenyewe. Sajili humwonyesha mnunuzi jina la mmiliki na rehani iliyopo. Haimwelezi kama kiwanja kilitolewa kihalali miaka 30 iliyopita. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwamba hatimiliki ya kiwanja cha ufuoni Nyali, kilichogawwa mwaka 1989 bila utaratibu kufuatwa, haikuweza kumkinga mnunuzi wa baadaye. Oktoba mwaka uo huo, familia za Mavoko zilishuhudia nyumba zao zikibomolewa katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliowauzia viwanja walikuwa wamekwisha kutia pesa kibindoni.

Jimbo la California, Marekani, limemlazimu muuzaji tangu 1987 kujaza fomu inayotaja kasoro anazozijua kabla ya nyumba kubadili mikono. Bunge letu halikosi uwezo wa kutunga sheria kama hiyo.

Kwa sasa, mzigo huo wauangukia wakili wa mnunuzi. Kabla ya malipo ya awali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na aulize kwa maandishi: nani aliyepewa ardhi hii kwanza? Je, imeingia katika hifadhi ya barabara? Kuna kesi, wapangaji au madeni ya kaunti? Mvua ikinyesha, maji huelekea wapi? Kisha majibu yaingizwe katika mkataba, yatiwe saini na muuzaji mwenyewe, si dalali wake.