Maoni: Reli ikifa, njia yake ibaki ya watu

Barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Kamanyola munaijua. Mama anatoka shambani, mihogo kichwani, mtoto mgongoni, anagawana barabara na malori na pikipiki. Wakati wa kukimbia ni hapo hapo, na magodoro juu. Lori likipiga honi, unaruka mtaroni.

Wachache wanakumbuka kwamba bonde hili la Ruzizi lilikuwa na reli ndogo, kutoka Kalundu hadi Kamanyola. Ilifungwa kabla ya uhuru. Muulize kijana wa leo ilipita wapi, atacheka.

Huko Marekani, katika jimbo la Missouri, treni za kampuni ya Missouri-Kansas-Texas ziliacha kupita kwenye sehemu moja ya reli mwaka 1986. Wenye mashamba ya kando walitaka udongo urudi kwao, wengine wakaenda mahakamani. Lakini sheria ya mwaka 1983 iliruhusu njia hiyo ihifadhiwe: watu waipitie, na treni ikihitajika tena siku moja, irudi. Wakamwaga mawe yaliyosagwa. Leo njia hiyo, Katy Trail, ina kilomita zaidi ya 380. (Katy si mama fulani, ni herufi K na T za kampuni.) Wanapita wenye miguu na wenye baiskeli. Gari na pikipiki, hapana.

Mtu atasema ninaota matembezi ya wazungu wakati watu wanalala njaa. Kweli, kule wengi wanapita kwa kujifurahisha. Kwetu ingekuwa njia ya shamba, ya soko, ya maji. Wala siombi aliyejenga juu ya reli ya zamani afukuzwe. Mhami asihamishwe mara mbili.

Ninaomba hivi: barabara ikitengenezwa, upande mmoja zibaki mita mbili za watu wa miguu, na chefu yeyote asiziuze. Na reli ambazo bado ziko, kama ile ya Kalemie kwenda Kabalo, kando zake zipimwe mapema, karatasi ziwekwe, kabla watu hawajagawiana viwanja. Siku ya kupima, waitwe pia wamama wanaobeba mizigo. Wao ndio wanajua lori linapita karibu kiasi gani.