Wembe wa Akika: Tusimjeruhi Mtoto kwa Jina la Sunna

Ndugu zetu katika imani, kumnyoa mtoto siku ya saba ni jambo la furaha na ibada. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alimwelekeza binti yake, Bibi Fatima (r.a.), amnyoe mwanawe Hasan na kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele zile. Hiyo ndiyo sunna. Ama wembe mmoja kupita kichwa hadi kichwa, damu ikachuruzika na wazee wakasema ni kawaida, hayo ni mazoea tu.

Katika akika za pamoja huonekana watoto watatu au wanne wakinyolewa kwa wembe uliosuuzwa majini tu. Wahusika hawana nia mbaya, lakini nia njema haioshi wembe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu isiyoonekana kwa macho. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda. Mtoto mchanga hana nguvu hiyo: kati ya wachanga 10 walioambukizwa, takriban 9 hubaki na ugonjwa sugu, na baadhi yao huishia kupata saratani ya ini. Chanjo ipo, lakini katika ratiba iliyozoeleka Tanzania na Kenya huanza wiki ya 6. Akika huitangulia.

Basi na tufanye hivi. Mtoto anyonyeshwe kwanza, atulie. Mnyoaji anawe mikono kwa sabuni. Nywele zilowekwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kwani nywele kavu huvuta ngozi na kuikwaruza. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya wazazi, unyoe kichwa kimoja na kutupwa. Mkono uende taratibu kufuata nywele zinakoelekea, bila kurudia rudia mahali pamoja. Utosini, ambako mfupa haujafunga, wembe usikandamizwe. Kisha kichwa kisuuzwe na kukaushwa kwa kitambaa safi. Spiriti na manukato visiguse ngozi hiyo changa.

Mtoto mgonjwa au aliyezaliwa kabla ya wakati asiharakishwe. Wapo wanazuoni wanaoruhusu akika siku ya 14 au ya 21.

Atakuwapo wa kusema: mbona sisi tulinyolewa hivyo na tu wazima? Tumkumbushe kwamba ugonjwa wa ini hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayeukumbuka ule wembe. Dini yetu imekataza kudhuru, na mtoto wa siku saba hawezi kujitetea.

Maimamu walitangaze hili misikitini, na akina mama walisimamie majumbani. Aliyeweza kununua mbuzi wa akika hashindwi kununua wembe.

Wabillahi Tawfiq.