Saa za Kivukoni Zirudi Nyumbani

Ndugu mzazi, kwa miaka mingi mfanyakazi wa Mwanza mjini mwenye makazi yake Sengerema hakuwa na mamlaka juu ya jioni yake. Alifika Kigongo akakuta foleni, akangoja kivuko, na mara nyingi alipokanyaga Busisi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, muda wa saa mbili au zaidi ulikuwa umekwisha potea. Alipobisha hodi nyumbani, watoto walikuwa wamelala. Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, na leo ghuba ile huvukwa kwa dakika chache.

Yafaa tuulize: saa zile zimekwenda wapi? Swali hili si la watu wa Sengerema peke yao. Kila mmoja wetu hupata nafasi fulani, akaipeleka kilabuni au kwenye simu, huku akijituliza kwamba mtoto wa sekondari amekwisha kuwa mkubwa. Hapo ndipo tunapokosea.

Mtoto huyo amo katika kipindi kigumu. Katika shule nyingi za Serikali, aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba hukuta kidato cha kwanza masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa hodari jana, leo hafahamu asemalo mwalimu, na haya humfunga mdomo. Mwili wake nao unabadilika. Mbele yake upo upimaji wa Taifa wa kidato cha pili, ambao asipoufaulu haendelei na kidato cha tatu. Sisi nyumbani huona ukaidi, kumbe ni hofu.

Basi tumsaidieje? Kwanza, tumpe sehemu ya jioni. Usiseme, "Mimi Kiingereza sikijui, nitamfaa nini?" Mwambie akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, jambo moja alilojifunza siku hiyo. Akilieleza likaeleweka, amelishika. Akikwama, usimkaripie, mmekwisha pata pamoja swali la kumpelekea mwalimu kesho. Nenda nawe shuleni, wala usingoje kuitwa kwa kosa.

Pili, tugawe kazi za nyumbani kwa haki. Haifai binti achote maji, apike na kuosha vyombo hadi saa nne usiku ilhali kaka yake anasoma, kisha tumlaumu binti kwa kusinzia darasani. Wataalamu wa afya hushauri vijana wa umri huu walale saa 8 hadi 10. Usingizi si uvivu. Ni sehemu ya masomo.

Tatu, tuwaambie ukweli juu ya fedha. Daraja lililomrudishia mmoja jioni yake limemwondolea mwingine wateja. Mama aliyeilisha nyumba yake kwa kuwauzia chakula abiria waliongoja kivuko pale Kigongo hana budi kutafuta njia nyingine. Mwanawe anaiona sufuria inavyopungua, hata kama haambiwi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na nauli vingalipo. Kijana aliyeachwa gizani hujiamulia peke yake: wa kiume hukimbilia mwaloni kuvuta nyavu, wa kike huenda mjini kuwa mtumishi wa ndani. Hudhani anatuokoa. Mketishe, umwambie: "Mwanangu, mapato yamepungua, nasi tunatafuta njia. Mzigo huo ni wetu wazazi. Wako ni kusoma." Maneno hayo machache yaweza kumbakiza darasani.

Ndugu mzazi, daraja limejengwa kwa chuma na zege, na limechukua miaka. Njia ya kumfikia mwanao haidai fedha; inadai ukae, unyamaze kidogo, usikilize.  Kabla jua halijazama ziwani, mwite uketi naye, na swali lako la kwanza lisiwe juu ya alama zake.