Je, Angani Kuna Barabara?



Tumepokea barua ya kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Amemwomba baba yake auze ng'ombe kadhaa ili apate kwenda kujifunza urubani. Baba amekataa. Asema, angani hakuna barabara, hakuna alama, hakuna askari. Mtu hujifunza nini huko hata amalize zizi la watu? Kijana ataka sisi tuwe waamuzi.

Kuamua shauri la ng'ombe si kazi yetu. Lakini swali la mzee ni swali zuri, nasi tutalijibu, maana wengi hudhani kwamba rubani ni mtu wa kushika usukani na kwenda apendako kama kunguru. Sivyo hata kidogo.

Barabara zipo, ila hazionekani. Tarehe 7 Desemba 1944 wajumbe wa nchi nyingi walitia sahihi mapatano mjini Chicago, Marekani, juu ya safari za ndege za raia. Kwa mapatano hayo sheria za angani zikawa karibu sawa duniani kote. Ndiyo maana rubani wa Tanzania akivuka kwenda Kenya au Uganda hakuti dunia mpya, ila mambo machache ambayo kila nchi imejiwekea.

Anga limegawanywa kama ardhi ya kijiji. Lipo shamba la mtu na lipo la malisho ya wote. Sehemu hizo hupewa herufi, tangu A mpaka G, na kila nchi huchagua zipi itumie na wapi. Katika A wanaruhusiwa wale tu wanaoruka kwa kuongozwa na vyombo. Katika G, yaani anga la porini, rubani hujiangalia mwenyewe. Karibu na viwanja vikubwa, kama Dar es Salaam, Kilimanjaro na Nairobi, anga lina wenyewe, nao ni waongozaji wa ndege. Hapo huingii bila hodi. Rubani huita kwa redio, akataja jina la ndege yake, mahali alipo, kimo chake na anakotaka kwenda. Akijibiwa "karibu", aingie kwa njia na kimo alichopewa. Akiambiwa "ngoja", azunguke nje mpaka aitwe. Tena pana mahali pasipoingiliwa hata kwa hodi, na mahali pa hatari, kama vile majeshi yanapofanyia mazoezi ya kupiga mizinga. Hapo pote pamechorwa katika ramani ya marubani, na asiyeisoma ramani hiyo asiondoke nyumbani.

Na zile ndege zinazokutana njiani? Sikilizeni, maana hesabu hii hata mtoto wa shule ataipenda. Rubani mdogo anayeruka kwa macho, akiwa juu ya ardhi zaidi ya futi 3,000 (ndizo mita 900 hivi), hachagui kimo apendavyo. Akielekea upande wa mashariki wa dira, tangu kaskazini hadi karibu na kusini, hushika elfu za witiri na kuongeza 500: futi 5,500, au 7,500, au 9,500. Akielekea upande wa magharibi hushika elfu za shufwa na 500: 6,500, au 8,500, au 10,500. Hivyo aendaye na ajaye wanapishana mmoja juu na mwingine chini, na kati yao pana futi 1,000. Wale wanaoongozwa na vyombo hushika elfu kamili, katikati ya hao wadogo. Je, mzee, hiyo si barabara?

Wakikabiliana uso kwa uso, kila mmoja hugeuka kulia. Anayempita mwenzake humpita kwa kulia. Njia zao zikikatana, yule anayemwona mwenziwe upande wake wa kulia ndiye ampishe. Na ndege yenye injini hulipisha puto. Kule Serengeti maputo makubwa ya hewa ya moto huwapandisha watalii alfajiri, na puto halina usukani. Huenda na upepo. Mwenye nguvu ampishe asiye na nguvu. Laiti madereva wa malori yetu wangesoma sheria hiyo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo hufanywa mezani kabla ya kuwasha injini. Tuseme kijana wetu amefuzu, naye ataka kwenda kutoka Arusha mpaka Dodoma kwa ndege ndogo ya viti vinne. Kwanza hupiga mstari katika ramani. Mstari huo ni kama kilomita 326, nazo ni maili za baharini 176, maana marubani hupima kwa maili za mabaharia. Waelekea kusini na kuinama kidogo upande wa magharibi, basi kimo chake ni cha shufwa. Hutazama vilima: Lolkisale karibu na mwanzo wa safari, na miinuko ya Kondoa mbele. Futi 6,500 hazitoshi hapo. Achukue 8,500, na mawingu yakiruhusu, 10,500. Mkono wa kulia ataiona Tarangire, na mbali zaidi mlima Hanang. Hizo ndizo alama zake, kama mti mkubwa wa njia panda.

Kisha upepo. Ndege yake yakata maili 110 kwa saa. Siku ya utulivu atafika kwa muda wa saa 1 na dakika 36. Lakini upepo wa maili 20 ukimjia usoni, atabaki na maili 90 tu juu ya ardhi, na safari itakuwa karibu saa 2. Ndege haijui kwamba imechelewa; hunywa mafuta vile vile. Ikiwa yanywa lita 35 kwa saa, basi lita 70 ni za kufika. Je, akikuta kiwanja cha Dodoma kimefungwa kwa mvua? Atahitaji mafuta ya kwenda kiwanja kingine, na kutoka Dodoma kiwanja kingine kizuri si cha kutupa jiwe. Tuseme saa 1, lita 35. Juu ya hayo sheria yadai akiba ya dakika 30 kwa safari ya mchana, karibu lita 18. Jumla ni lita 123, bado hatujahesabu ya kuwasha, ya kutembea chini na ya kupanda. Rubani mwenye akili hutia 140 au zaidi, kisha hupanda juu ya bawa na kupima tangi kwa kijiti. Saa ya mafuta iliyo ndani hudanganya; kijiti hakidanganyi.

"Basi ajaze tangi mpaka juu!" mtasema. Hapa ndipo wengi wamepotea. Ndege ya namna hii hubeba kama kilo 400, mafuta na watu pamoja. Tangi likijaa lita 200 ni kilo 144. Weka watu wazima wanne wa kilo 80: hao ni 320. Tayari umepita kipimo, na hujatia hata kikapu cha ndizi. Tena Arusha iko juu, kiwanja chake chapita futi 4,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na jua la saa nane huifanya nyepesi zaidi. Injini hupungukiwa pumzi, mabawa hukosa cha kushika, na ndege hutaka njia ndefu kupita ile inayoitosha Tanga. Kwa hiyo rubani akisema, "Gunia hili halipandi," msimnung'unikie. Si kiburi. Ni hesabu.

Baadaye huandika karatasi ya safari na kuipeleka kwa waongozaji. Humo hutia jina la ndege (za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y), aina yake, atokako, aendako, njia, kimo, mafuta yatatosha saa ngapi, watu wangapi wamo. Na saa ya kuondoka. Hapo kuna kichekesho chetu. Akiondoka saa tatu asubuhi kwa hesabu ya bibi, saa ya ukutani yaonyesha 9, lakini katika karatasi ataandika 0600, maana marubani wa dunia nzima hufuata saa ya Greenwich. Saa moja, majina matatu! Kijana ajizoeze mapema.

Karatasi hiyo ni maisha yake. Ikipita nusu saa baada ya wakati wa kufika naye hajasikika, waongozaji huanza kuuliza huku na huku. Wakikosa jibu, wasiwasi hugeuka hofu, na hofu hugeuka msako. Lakini rubani akifika salama, akaenda kunywa chai bila kutoa habari, watu watamtafuta porini yeye yumo hotelini.

Sasa nitasema neno lililonigusa mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, wakati wa masika, mke wa ndugu yangu alishikwa na uchungu siku mbili. Barabara ilikuwa imekatika. Saa kumi na nusu jioni mganga wa zahanati aliita ndege kwa redio. Rubani aliuliza maswali ambayo sisi tuliyaona ya upuuzi: Mnakiona kilima? Mawingu yamekikata kichwa? Upepo watoka wapi? Njia ya ndege ina maji? Kisha akanyamaza, akapiga hesabu. Nusu saa ya matayarisho, saa moja na nusu ya njiani. Angefika saa kumi na mbili na nusu, jua likizama, penye kiwanja kisicho na taa, chini ya mawingu. Kuruka kwa macho ni kazi ya mchana. Tena sheria yataka kuona mbele kilomita 5, na huko juu kujitenga na wingu mita 1,500 kwa upande na futi 1,000 kwa juu na chini. Akasema, "Siwezi leo. Nitaondoka kukipambazuka."

Ndugu yangu alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tulikesha. Saa mbili kasorobo asubuhi tukasikia mlio. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nimepata baadaye kuongea na marubani juu ya jioni ile, wala hakuna aliyeniambia angefanya vingine. Wakanieleza juu ya wenzao walioingia katika wingu kwa huruma, wakakuta kilima ndani yake, na mgonjwa akabaki akingoja ndege isiyofika. Mimi nimekubali. Ndugu yangu hata leo hajakubali, nami simlaumu, kwa kuwa usiku ule sikukaa pale alipokaa yeye.

Ninyi mlio karibu na viwanja vidogo vya porini, mna kazi yenu pia. Kateni nyasi. Fukieni mashimo ya mhanga. Mfuko wa upepo ukichanika, msiseme ni mali ya serikali. Shoneni mwingine, maana rubani huusoma toka juu. Na mlio ukisikika, watoto waondoe mbuzi kwanza, ndipo washangilie.

Kwa kijana wetu, haya ndiyo yatakiwayo kwa cheti cha rubani binafsi: awe ametimiza miaka 17, apimwe na daktari aliyekubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ajue Kiingereza cha redio, afaulu mitihani ya sheria, hali ya hewa, ramani na mengineyo, aruke saa zisizopungua 40, na katika hizo saa 10 awe peke yake. Safari mojawapo ya peke yake iwe ya kilomita 270, akitua viwanja viwili vya ugenini. Cheti hicho hakimruhusu kupokea mshahara wa urubani. Kwa mshahara kuna cheti kingine, na saa nyingi zaidi, na ng'ombe wengi zaidi. Jambo hilo amweleze baba yake sasa, kabla mnada haujaanza.

Na mzee akitaka kuuliza zaidi, atuandikie yeye mwenyewe. Juma lijalo tutajibu ile barua ya mama aliyeuliza juu ya wadudu wa mahindi ghalani.