Shairi na Jawabu Lake

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba mshairi anayeufunua moyo wake, kisha akawaomba wasomaji jawabu, ameshindwa kuikamilisha kazi yake. Rai hii ni potofu, tena inaipuuza historia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na la huyu likajibiwa na la yule, mara nyingi kwa vina vilevile. Karne moja kabla ya hapo, Muyaka bin Haji wa Mombasa alizielekeza tungo zake za vita kwa mahasimu wa Lamu, nao wakamjibu kwa tungo zao. Azisomaye za Muyaka peke yake husikia upande mmoja tu wa ugomvi.

Hata hivyo, si kila mwaliko ni mwaliko. Mtunzi anayeisimulia dhiki yake, akaitolea hukumu mwenyewe, kisha akabandika "nijibuni" katika ubeti wa mwisho, hataki jawabu; ataka sifa. Mwaliko wa kweli umo katika tungo yenyewe: fumbo lisilofumbuliwa, au dai ambalo msomaji hawezi kulinyamazia.

Kosa kubwa zaidi ni la wale wahariri wa diwani wanaoyakusanya maswali na kuyaacha majibu magazetini. Kisha wahakiki wetu (ajabu iliyoje!) huliona swali lililoachwa pweke, wakaliita pungufu.