Albamu huru ya Khaligraph na mfuko wa msikilizaji wa Zombe

KHALIGRAPH JONES hakuwa limbukeni alipotoa albamu yake ya Invisible Currency mwaka 2022. Mwanarapa huyu aliyekulia mtaa wa Kayole, jijini Nairobi, alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa zaidi ya mwongo mmoja, na miaka minne kabla, 2018, alikuwa ametoa Testimony 1990. Kazi zake amezisimamia kupitia Blu Ink, kampuni yake mwenyewe, badala ya kujikabidhi kwa tajiri wa muziki.

Uamuzi huo si mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, studio kama Ogopa Deejays na Calif Records ndizo zilizotengeneza midundo, zikachagua wimbo wa kupelekwa redioni na kuamua msanii yupi angojee. Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora walioufanya ufokaji wa Kiswahili uheshimike nchini, walitoa Ni Wakati mwaka 2001, na sifa waliyoipata ilizidi mapato kwa mbali. Kanda bandia zilikuwa zikiuzwa peupe.

Msanii huru hulipia studio, video na matangazo kutoka mfukoni mwake. Albamu isiponunuliwa, hasara ni yake. Ikivuma, rekodi inabaki mali yake na ya watoto wake. Hesabu hiyo inavutia ukiitazama ukiwa Nairobi. Ukiitazama ukiwa Zombe, soko lililo mashariki mwa mji wa Kitui, inaanza kuyumba.

Kwanza ni masikio yenyewe. Ukambani, Musyi FM na Mbaitu FM hutangaza kwa Kikamba, na benga ndiyo mwenye nyumba. Marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki 1987, alivuka mipaka ya Ukambani kwa kuimba pia kwa Kiswahili chepesi. Sheng ya Kayole iliyochanganywa na Kiingereza, tena kwa kasi ya Khaligraph, haina wepesi huo kwa mzee anayesubiri mvua. Vijana wa bodaboda ni habari nyingine, hao wanaielewa.

Lakini wataipataje? Spotify iliingia Kenya Februari 2021, na kuisikiliza huhitaji simu ya kisasa na bando. Isitoshe, tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote na kampuni hiyo. Kwa Khaligraph kizingiti hicho si kitu. Kwa chipukizi wa Kitui anayetaka kufuata nyayo zake, ni mlima. Katika masoko ya mashambani, njia rahisi imekuwa kumpa mwenye kibanda cha simu kadi ya kumbukumbu aijaze nyimbo kwa shilingi chache. Shilingi hizo hazimfikii mwimbaji.

Skiza ya Safaricom ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi wa Zombe, maana hata simu ya kabambe inaitumia na malipo hukatwa kwenye salio. Hata hivyo, fedha hizo hugawanywa kati ya kampuni ya simu, wakala na msanii. Zaidi ya hayo, Skiza hununua kipande cha kiitikio tu. Albamu iliyopangwa kama simulizi ndefu, wimbo wa kwanza ukimwandalia msikilizaji wa mwisho, haina bei humo.

Yapo pia malipo ya muziki unaopigwa katika baa, hoteli na matatu. Hapa ndipo uhuru wa msanii unapofika ukingoni. Hakuna mwanarapa, hata awe na misuli ya Khaligraph, anayeweza kuzunguka kutoka Kayole hadi Zombe akidai haki yake mlango kwa mlango. Lazima ategemee vyama vya kukusanya mirabaha, na vyama hivyo vimekuwa na misukosuko isiyokwisha. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, iliinyima MCSK leseni na kuipa MPAKE, wasanii wakabaki wakiuliza waende mlango upi.

Kwa hiyo mmiliki kamili wa rekodi bado anamngojea mtu mwingine amletee hesabu. Khaligraph ana maonyesho na mikataba ya matangazo ya kumshikilia wakati akingoja. Mwanarapa wa Kitui anayerekodi kwa akiba ya jembe na mbuzi hana.